Dakika Moja, Kisha Panda

Butembo, 11 Februari 2024

Bénie mwanangu,

Salamu za nyumbani kwanza. Tuko wazima. Lusenge mdogo wako naye ni mzima, isipokuwa uvivu wake ambao hauna dawa. Ninaandika kwa mkono kwa sababu simu ya nyumba hii ni yake, na ukimtumia mtu sauti humo mtaa mzima unasikiliza. Kasimu wa Beni anapeleka lori Mombasa. Atakufikishia barua hii kama alivyonifikishia mimi ile picha.

Sasa nieleze ile picha. Kasimu aliileta akicheka, akasema, "Mama Berthe, angalia mutoto yako, amekuwa mutu mukubwa!" Nikaangalia, nikakaa chini. Mtu amevaa nguo nyeusi toka shingoni mpaka miguuni, miwani mikubwa imefunika uso, mtungi wa chuma mgongoni na mipira inatoka humo. Bénie, sisi watu wa Butembo mavazi ya namna hiyo tunayajua. Hao ni watu wa riposte, wale wa Ebola, waliokuja kupulizia dawa nyumba ya jirani alipokufa, wakamzika na sisi tumesimama mbali. Huko kuna ugonjwa gani? Nani amekufa? Na wewe uliniambia unafanya kazi katika bureau, ofisini. Ni bureau gani wanavaa hivyo?

Nilimuuliza Kasimu, akasema alikukuta unatoka baharini, maji yanakutiririka. Nikamwambia asinitanie. Mtoto ambaye baba yake alipotelea ziwani hawezi kwenda kuingia majini. Lakini Kasimu hakucheka tena, akaaga haraka, na hilo limenichanganya kuliko picha yenyewe.

Habari nyingine: ule mgomba tuliouzika badala ya baba yako umetoa mkungu. Unakumbuka, pirogi, mtumbwi wao, ilipinduka Kyavinyonge, wenzake wakaogelea, yeye hakuonekana. Tukangoja mwili miaka miwili, tukachoka, tukazika mgomba nyuma ya nyumba ili baba yako Kitsa naye awe na kaburi kama watu wengine. Mgomba wa kaburi huoza. Wa kwetu ulichipuka, ukakua, na sasa una ndizi. Watu wanasimama uani wananong'ona. Hakuna anayejua kama zinaliwa. Baba yako mkubwa Kasonia akipita pale anaangalia pembeni.

Nijibu upesi kuhusu ugonjwa.

Mama yako,
Berthe


Shimoni, 26 Februari 2024

Mama yangu,

Hakuna ugonjwa. Hakuna aliyekufa. Nilisoma barua yako nikacheka, kisha nikalia, na mwenzangu Zawadi akaniuliza nina nini.

Kasimu hakukutania. Ninaingia baharini. Mtungi ule una hewa, si dawa. Ninavuta hewa kwa mdomo, nashuka pamoja na Zawadi, binti wa hapa Shimoni, ndiye aliyempa Kasimu picha akidhani anakufurahisha. Bureau ipo, na nina meza yangu, kwa hiyo sikusema uongo mzima. Lakini asubuhi tunashuka kwenye matumbawe, yaani mawe ya baharini ambayo ni viumbe hai na yanakua. Tunatazama samaki, tunamtambua kila mmoja ni wa aina gani, tunaandika kwenye kibao kwa kalamu ya risasi. Kisha tunapanda. Hatuvui kitu, hatugusi kitu.

Nilikuficha kwa sababu tangu baba apotee hujatia samaki mdomoni, na biashara yako ya samaki uliiacha ukaanza kuuza viazi na maharagwe. Niliogopa utaniambia rudi. Ungesema, ningerudi.

Usiogope, mama, kuna sheria. Hakuna anayeshuka peke yake. Chini hatusemi, tunatumia mikono: kidole gumba kikielekea juu maana yake tupande. Ukimpoteza mwenzako, unamtafuta dakika moja tu. Dakika ikiisha unapanda, hata kama roho haitaki. Naye anafanya hivyo hivyo, mnakutana juu. Unaona tunavyojilinda?

Huo mgomba umenishangaza. Shina likikatwa vizuri haliwezi kuota. Nani aliukata?

Binti yako anayekupenda,
Bénie


Butembo, 10 Machi 2024

Bénie,

Nimesoma barua yako mara nyingi, na kila mara inanichanganya mahali pengine.

Nilitaka kukasirika. Nilijaribu, Lusenge ni shahidi, sufuria ziliniona. Halafu hasira ikanishinda kushika. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini wewe umeinama mpaka chini ya bahari, na cha kuchukua huchukui! Nani anamtuma mtu amwone samaki kisha amwache? Mimi nilipouza samaki, aliyeonwa na kuachwa ilikuwa hasara.

Lakini nina maswali, na ninataka ujibu vizuri, kwa maneno ya watu wa bureau, si kwa maneno ya kumfurahisha mama.

La kwanza. Mnajuaje kwamba huyu ni huyu? Samaki wawili wakifanana, mnawatenganisha kwa kitu gani?

La pili. Tuseme mtu anakuja anasema, "Nimemwona yule mnayemtafuta." Alimwona mgongo tu. Maji yalikuwa machafu, na alikuwa mbali. Mnamwandika kwamba ameonekana?

La tatu. Tuseme huyo mtu alimjua zamani, alimjua sana. Je, hapo mgongo unatosha?

Usiniulize kwa nini ninauliza. Maharagwe yamefika kutoka Kayna, mazuri sana mwaka huu.

Mama Berthe


Shimoni, 24 Machi 2024

Mama yangu mzuri,

Hujui furaha uliyonipa! Nilimsomea Zawadi maswali yako, akasema, "Mama yako angekuwa mwalimu wetu." Nakujibu kama watu wa bureau.

Swali la kwanza. Rangi inadanganya. Kuna samaki anaitwa pono, ana mdomo kama wa kasuku. Akiwa mdogo ana rangi moja, akikomaa anapata nyingine, na dume la buluu na jike la kahawia unaweza kuapa si ndugu. Kwa hiyo tunatazama umbo, mkia, mdomo, na namna anavyoogelea. Tunataka alama zaidi ya moja. Kasa, huyo kobe mkubwa wa baharini, tunamtambua kwa shavu. Magamba ya shavu lake hayafanani na ya kasa mwingine yeyote. Kuna mmoja mzee namjua; kila nikimkuta anakula majani na kuniangalia kama mama mkwe.

Swali la pili. Mgongo, maji machafu, mbali: hapana. Hatumwandiki. Kila mwanafunzi mpya anaona anachotaka kuona. Mwezi wa kwanza mimi niliona papa kila siku, kumbe ni vivuli vyetu wenyewe.

Swali la tatu ni zuri kuliko yote. Aliyemjua sana ndiye hatari zaidi, kwa sababu moyo wake unamalizia pale macho yalipoishia. Mgongo hautoshi hata kwake.

Tunaandika nini basi? Tunaandika "haijulikani". Hilo si aibu, ni jibu kamili. Mwalimu wetu anasema anayeogopa kuandika "haijulikani" asishuke.

Umependa samaki tena, mama? Niambie ukweli.

Bénie


Butembo, 14 Aprili 2024

Yaya Bénie, dada yangu,

Miye siandikaka barua, unajua, lakini hii maneno haifae kwa simu. Mama anasikiaka hata nikiongea inje.

Yaya, uliandikia mama nini? Siku ya Mungu, kisha misa, alipeleka barua yako kwa padri. Ile ya samaki! Padri akaisoma polepole, akauliza, "Mama, huyu pono ni nani?" Mama akasema, "Soma mbele, mon père, maneno ya mugongo iko chini." Batu balikuwa banangoja kuungama, bote bakasikia.

Nikuelezee, juu najua mama hakukuambia. Kuko mzee moja wa Kayna, jina yake Phinées. Bibi yake alikufa. Ndiye analetaka maharagwe kwa mama. Sasa anataka kumuoa. Anakujaka na soksi ya kupiga pasi! Na mama anacheka, yaya, sikusikia mama kucheka hivyo tangu papa, baba yetu, alipotea. Lakini padri alikataa. Alisema hawezi kufungisha ndoa mupaka ijulikane kweli kama papa alikufa, kwani kuko mutu anasema alimuona papa Katwe, upande ya Uganda. Alimuona mugongo, mu mvua, anatembea kando ya maji.

Sasa mama anaonyesha barua yako, eti mutoto yake mwenye alisoma anasema mugongo haihesabike. Donc, basi papa alikufa? Ni wewe ulisema? Baba mukubwa Kasonia anasema mugomba iko muzima, basi Kitsa iko muzima. Padri anasema mugomba si mutu. Miye hata sijue nilie ao nile ndizi.

Unijibu haraka.

Ndugu yako,
Lusenge


Shimoni, 28 Aprili 2024

Mama,

Nilidhani tunaongea juu ya samaki.

Nimesoma barua ya Lusenge nikiwa nimesimama, na nimeisoma tena nikiwa nimekaa, na bado sielewi. Umechukua maneno yangu ya pono na kasa ukayapeleka kwa padri. Umenifanya nimzike baba bila kujua kwamba nimeshika jembe. Mimi binti yake! Na mtu alimwona Katwe, nawe ukaona vema mimi nisijue?

Phinées simjui. Labda ni mtu mwema. Sina neno juu ya soksi zake. Lakini barua yangu uliisoma nusu. Sikuandika kwamba mgongo ukionekana, mtu amekufa. Niliandika "haijulikani". Haijulikani, mama. Ni neno la pande mbili, huwezi kuchukua upande mmoja ukaacha mwingine kanisani.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Kila ninaposhuka, ninatazama. Najua bahari hii si ziwa letu. Maji ya kwetu yanateremka kuelekea Misri, hayafiki huku. Najua hayo yote, niliyasomea. Lakini kwenye kila pango macho yangu yanatangulia kuchungulia, na samaki nawaandika baadaye. Ndiyo sababu nilijifunza kuzamia. Wewe uliacha kula samaki, mimi nikaenda kuishi nao, na wote tulikuwa tunamtafuta yeye.

Leo sijui nina hasira na nani. Usinijibu kwa maneno ya maharagwe.

Bénie


Butembo, 12 Mei 2024

Mwanangu,

Una haki. Sitakujibu kwa maharagwe.

Habari ya Katwe niliisikia mwaka jana. Sikukuambia kwa sababu nilienda mwenyewe. Lusenge nilimwambia naenda Lubero kununua viazi. Nilivuka mpaka wa Kasindi, nikafika Katwe, nikakaa kando ya maji. Nilitazama migongo ya wanaume, Bénie. Kila mgongo ulikuwa wa baba yako. Yule anayeinama kufunga kamba, ni Kitsa. Yule anayebeba gunia, ni Kitsa, hata namna ya kuinua bega la kushoto. Kisha wanageuka. Mmoja niliita jina, akageuka akacheka, hana hata meno. Nilirudi nyumbani nikaumwa, mkasema malaria.

Sasa unaelewa kwa nini nilikuuliza swali la tatu. Nilitaka mtu mwingine aniambie kwamba si wazimu. Na wewe ukaniandikia kwamba moyo unamalizia pale macho yalipoishia. Nililia kwenye meza ya viazi, wateja wakaniongezea bei badala ya mimi kuwapunguzia.

Na uliuliza nani alikata mgomba. Nilimwendea Kasonia na swali lako. Akasema: "Sikuukata. Niliung'oa na mizizi yake. Ilikuwa wakati batu banakufa na panga kila juma upande wa Beni. Banipatia panga, banasema kata, ule ndiye Kitsa. Miye nipige ndugu yangu panga? Nikaung'oa na mikono, nikauzika muzima." Na bado anasema labda ni alama! Nilimwambia, shemeji, ulipanda ndizi. Akaniangalia kama mtu aliyeamshwa usingizini. Leo anakubali, kesho anakataa. Mimi pia, asubuhi naelewa, jioni sielewi.

Phinées ni mtu mpole. Hajawahi kuniambia nisahau jina la Kitsa. Padri amewaita wale walioogelea siku ile, amewasikiliza mmoja mmoja, na ameandika kwa wakubwa wake, anadhani watakubali. Lakini mimi sitaki kibali chao peke yake. Wewe ndiye unayeshuka chini kutazama. Ukiniambia ningoje, nitangoja, na Phinées nitamwambia arudi Kayna na soksi zake. Sisemi hivyo kukubana. Nasema kwa sababu ni kweli.

Wasingya, asante, mwanangu, kwa kunikasirikia wazi.

Mama yako


Shimoni, 2 Juni 2024

Mama,

Barua yako nimeibeba muda mrefu bila jibu. Nilikuwa na maneno ya pande zote mbili, na kila upande ulikuwa na haki. Jana limetokea jambo, ndiyo maana naandika.

Mwezi huu maji ni machafu, mawimbi yanavuruga mchanga. Tulishuka mimi na Zawadi. Nilimwona mkunga, samaki mrefu kama nyoka, ametoa kichwa kwenye tundu. Nikawa nahakikisha madoa yake ili niandike jina. Nilipoinua kichwa, Zawadi hayupo.

Nilizunguka. Hayupo. Sheria naijua, nimewafundisha wengine. Dakika ilipita, mama, na sikupanda. Nilijiambia, nikipanda nitakuwa nimemwacha. Nikachungulia kila pango. Nikaona pezi lake la miguuni, nikalishika, lilikuwa jiwe. Nikaliona tena, lilikuwa majani. Hewa ilikuwa inakwisha mtungini na mimi naendelea, na nitakuambia ukweli: wakati ule nilikuwa simtafuti Zawadi tena. Wewe unajua nilikuwa namtafuta nani.

Mshale wa kipimo cha hewa ulipoingia kwenye nyekundu ndipo nilipanda. Na Zawadi alikuwa juu! Alikuwa amepanda kama tulivyofundishwa, yuko juu ya maji analia, ananiita mimi. Alidhani mimi ndiye nimepotea. Alinipiga kofi la bega, kisha akanikumbatia, na mitungi yetu ikagongana kama sufuria.

Usiku kucha nimefikiri. Tulifundishwa dakika moja, lakini sikuwa nimeelewa inalinda nani. Nilidhani ni kwa ajili ya aliyepotea. Kumbe ni ya yule anayetafuta, ili naye asikosekane huko juu.

Sijui baba yuko wapi. Nitaandika "haijulikani" mpaka nife, na sitaona aibu. Lakini wewe umetafuta ziwani, umetafuta Katwe, umetafuta kwenye migongo ya watu. Hewa yako imefika kwenye nyekundu, mama. Huku juu kuna mimi, kuna Lusenge, na kuna mzee mmoja wa Kayna anapiga soksi pasi.

Panda.

Bénie wako


Butembo, 23 Juni 2024

Bénie mama yangu,

Barua yako nilimpa Phinées aisome. Aliisoma mpaka mwisho, akavua kofia, akakaa nayo magotini. Akauliza kidole gumba kinaelekezwaje. Nikamwonyesha. Tulikaa uani sisi wazee wawili tumeinua vidole, Lusenge akatoka, akatuona, akarudi ndani.

Jibu la wakubwa wa padri limekuja, wamekubali. Ndoa ni mwezi wa nane. Utakuja, na utavaa kitambaa nitakachochagua mimi, si ile nguo nyeusi.

Ndizi zilikomaa na hakuna aliyetaka kuzikata. Kasonia ndiye alikuja mwenyewe asubuhi. Lusenge akampa panga, akalikataa. Aliomba kisu changu cha jikoni, akakata mkungu polepole polepole, anafuta macho kwa mkono wa shati, anasema ni utomvu. Pembeni ya shina kuna machipukizi mawili. Amechukua moja kwenda kulipanda kwake. Sikumuuliza analiita nani.

Vichane vya juu vilipoiva, watu walikuja kutazama nani atathubutu. Nilimenya mimi. Wote walinikodolea macho kama wanangoja nianguke. Nilikula nikamaliza, nikachukua ya pili. Ni tamu, Bénie. Baada yangu Kasonia alikula, halafu uani hapakubaki hata ganda la kuchezea.

Wewe nimekuwekea kichane cha chini, kibichi, ili kiive njiani. Kasimu anacho, nimemwapisha kwa dini yake asikiguse. Ukile pamoja na Zawadi, na mwambie asante kwa kupanda.

Najua utazigeuza kwanza, utazitazama pande zote, utataka kujua ni nini hasa unachokula. Andika "haijulikani", mwanangu, kisha ule.

Mama yako,
Berthe